Dawa Alizotumia Lusiani

Juzi nilimpeleka mwanangu kwa mtaalamu wa viungo, katika mji wa Columbia, baada ya kuumia goti mpirani. Yule dada alipofungua kikopo cha dawa ya kuchua, harufu ya kafuri ikajaa chumba kizima. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, sina wasiwasi wowote, mara nikashikwa na hofu. Hofu ya kweli, kabla hata sijajua naogopa nini. Ilinibidi nitafute inatoka wapi. Ilikuwa harufu ya miguu ya Lusiani, na hofu yenyewe ilikuwa ya kiangazi kile niliposubiri mama yangu mdogo afe.

Wenzangu mliokulia huku mnazikumbuka zile nyumba za safu za Gaithersburg, zilizobanana ukuta kwa ukuta, ukikohoa jirani anakupa pole. Baba alikuwa fundi wa kompyuta katika kampuni moja kando ya barabara kuu ya I-270. Mama alikuwa muuguzi. Na Salome, mdogo wake Mama wa mwisho, alitufuata huku ng'ambo kutoka Iringa akapata kazi ya kutunza wazee. Tulilala chumba kimoja, yeye na mimi. Alinisuka, alinikata kucha, alinifundisha kusali kwa Kihehe ili Mungu asinisahau. Sijui kama nilimpenda kuliko mama yangu. Najua tu kwamba alipochelewa kurudi nilikuwa sili.

Hakuwa na leseni ya gari, na mabasi ya Jumapili yalikuwa machache, kwa hiyo alinunua baiskeli kuukuu iliyokuwa ikiuzwa barazani kwa watu. Wiki haikuisha, cheni ikakatika. Akaikokota mpaka duka la baiskeli, na aliyeitengeneza alikuwa Mfaransa mrefu, mkimya, aliyepiga magoti sakafuni kama mtu kanisani. Alipomaliza akamwambia kwamba siti yake ilikuwa chini mno, ndiyo maana magoti yanamuuma, akaipandisha. Kesho yake Mama mdogo alirudi kulalamika kwamba siti sasa iko juu mno. Haikuwa juu mno. Hata mimi niliyekuwa mtoto nililijua hilo.

Jina lake Lucien. Sisi tulimwita Lusiani. Alipanga chumba kwa Maman Béa, mama wa Kikongo aliyekaa jengo la nyuma yetu, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, kwa hiyo mara nyingi Maman Béa alikuja naye ili amsaidie maneno. Siku ya kwanza kuja kula kwetu alivaa kaptula, na Baba akabaki kumwangalia miguu. Ilikuwa myeupe, imejaa mishipa kama kamba, na haikuwa na unywele hata mmoja.

"Salome," Baba aliita baada ya wageni kuondoka, "mwanamume mzima ananyoa miguu?"

"Ni mwendesha baiskeli, shemeji. Ndiyo kazi aliyofanya. Wote wananyoa, ili wakianguka vidonda visishike nywele."

"Kazi? Kuendesha baiskeli?"

Ilikuwa kazi kweli, na taratibu tuliielewa. Baba yake alifuga ng'ombe wa maziwa mahali penye mvua nyingi, magharibi ya Ufaransa. Lusiani alianza kushindana akiwa kijana, timu kubwa ikamwona, akaajiriwa. Mimi nikadhani basi alikuwa bingwa, nikamwomba anionyeshe vikombe vyake. Akacheka. Hakuwa na kikombe. Alinieleza, Maman Béa akisaidia, kwamba katika timu ya baiskeli kuna nahodha mmoja anayetakiwa kushinda, na wengine wote wanamtumikia. Lusiani alikuwa mbeba maji. Alirudi nyuma kwenye gari la timu, akajaza chupa ndani ya fulana mpaka mgongo ukavimba kama nundu, kisha akakimbiza tena kundi zima ili awape wenzake. Alitangulia mbele ya nahodha amkingie upepo. Nahodha akipata pancha, Lusiani alishuka akampa gurudumu lake, akabaki kando ya barabara kwenye mvua akisubiri gari.

"Siku moja, alifika mbele mu mulima, peke yake," Maman Béa alitafsiri. "Angalishinda. Lakini banamwambia: simama, ngojea kapiteni. Alisimama."

"Ukakubali?" Mama mdogo alimuuliza.

Lusiani akainua mabega. "Ilikuwa kazi," alisema.

Nilimpenda siku ile. Nasema hivyo ili mjue kwamba yaliyofuata hayakutoka kwenye chuki. Alikuwa ananifundisha kuendesha, alinitengenezea baiskeli ndogo nyekundu, na alinukia kafuri kwa sababu alijichua miguu kila asubuhi, ingawa alikuwa ameshaacha mashindano. Alikuwa pia na tabia ya kuweka vidole viwili shingoni, kwenye mshipa, akatulia kidogo kama anayesikiliza, kisha akaendelea na alichokuwa akifanya. Tulizoea. Ilipofika kiangazi, watu wazima wakaanza kuzungumza habari za Lusiani kumposa Mama mdogo.

Kiangazi hicho runinga ilionyesha kwa siku kadhaa habari kutoka Ufaransa. Polisi wakipekua magari ya timu za baiskeli, waendeshaji wamekaa chini barabarani, hawataki kuendelea. Siku hizo Lusiani hakuja kula. Asubuhi moja Mama alikuwa ametoka zamu, anapiga pasi sebuleni, nami nimekaa juu ya ngazi na bakuli langu la nafaka, Maman Béa akaingia bila kubisha.

"Mama Tumaini, iko kitu nataka kukuambia. Lakini usiseme ni miye."

"Sema."

"Kuna mama moja anapigaka simu toka kule France. Analia. Anatafuta Lucien, na Lucien anakataa kushika simu. Mutoto wake na Lucien balikuwa timu moja, chumba moja. Alikufa mu usingizi."

"Alikufa na nini?"

"Dawa," Maman Béa alisema kwa sauti ya chini. "Bote balikuwa banatumia dawa. Sindano. Mu damu."

Pasi ilisimama. Nikasikia harufu ya kitambaa kinachoanza kuungua.

"Na Lusiani?"

"Na Lucien."

"Salome anajua?"

"Hajui. Bwana anaogopa kumuambia."

Fikirini mimi nilijua nini kuhusu neno hilo. Lugha yetu ina neno moja tu kwa kidonge cha mafua, kwa sumu ya panya, kwa hirizi, na kwa kile walichokuwa wakidungana waendesha baiskeli hotelini. Na mimi nilikuwa na Mjomba Kasiani. Kabla hatujahama alikonda, akawa anatumia dawa, watu wakashusha sauti kila walipomtaja, wakasema ni mambo ya damu. Hakuna aliyeutaja ugonjwa kwa jina. Alikufa yeye, na mvua za mwaka uliofuata hazijakatika, akafa mkewe. Mke alikuwa mnene, mwenye kicheko. Nilimwona akipungua.

Basi pale juu ya ngazi mambo yote yalipangana. Lusiani alikuwa mwembamba. Lusiani alitumia dawa. Damu. Mwenzake ameshatangulia. Ameficha. Na vile vidole shingoni: alikuwa anaangalia kama bado yuko hai. Ataoa, halafu atakufa, halafu Mama mdogo Salome ataanza kupungua.

Nilingoja Mama amwambie. Hakumwambia. Walijifungia chumbani, yeye na Baba, nikasikia Baba akisema, "Mpe nafasi aseme mwenyewe, mwanamume ni kauli yake," na Mama akijibu, "Na asiposema?" Kwangu ilikuwa kama kuona moto jikoni huku watu wazima wakijadiliana nani aanze kunyanyuka. Mimi nikafanya nilichoweza. Kikombe alichonywea Lusiani nilikisugua kwa dawa ya kufulia nguo nyeupe mpaka vidole vikanichubuka. Siku moja alimega pichi akampa Mama mdogo nusu. Nikampiga mkono, pichi likaruka ukutani.

"Una nini wewe?" Mama mdogo aliniuliza, amekasirika kweli.

"Lilikuwa na mdudu."

Usiku alipolala nilisikiliza pumzi yake. Sikujua nasikiliza nini. Niliona tu kwamba ndivyo Lusiani alivyofanya na shingo yake.

Jumamosi moja kabla ya siku ya posa tulitoka watatu kwenda ziwani kwa baiskeli. Ipo barabara inayoteremka kupita katikati ya miti, ina kona mbili, na lami yake asubuhi huwa na unyevu. Mama mdogo alitangulia polepole. Mimi nikafuata, na Lusiani pembeni yangu upande wa katikati ya barabara, akinihimiza, "Breki kidogo, kidogo, usiishike yote." Nilikuwa nimeshaanza kufurahia. Ndipo kulungu akatoka msituni.

Hakuwa mbali hata kidogo. Niliona macho yake. Nikashika breki zote mbili kwa nguvu, gurudumu la nyuma likateleza, nikawa naelekea kwenye chuma cha ukingoni, na chini yake kulikuwa na mawe. Lusiani hakupiga kelele. Alisukuma baiskeli yake mbele ya yangu, akajiweka yeye kati yangu na kile chuma, na tukaanguka wote, yeye chini, mimi juu yake. Nikasikia sauti ya nguo ikichanika. Haikuwa nguo peke yake.

Nilipoinua kichwa, mkono wake wa kushoto kuanzia kiwiko ulikuwa hauna ngozi. Damu ilikuwa kwenye fulana yake, kwenye goti langu lililochubuka, kwenye kiganja changu. Yangu na yake zimechanganyika, siwezi kuzitenga. Nikajua nimekwisha. Ajabu ni kwamba sikulia kwa ajili hiyo. Nilisikia baiskeli ya Mama mdogo ikitupwa chini, nikamwona anapanda mbio huku anafungua kitambaa cha kichwani, mikono ameinyoosha kumshika.

"Usimguse!" nilipiga yowe. "Mama mdogo, usimguse! Mimi nimeshaguswa, wewe usiguse damu!"

Alisimama kama aliyevutwa na kamba.

"Unasema nini, Tumaini?"

"Ana ule ugonjwa wa Mjomba Kasiani! Anatumia dawa, anajidunga sindano, mwenzake ameshakufa. Maman Béa alisema. Mama anajua. Usimguse!"

Ndege walikuwa wanaimba. Hilo nalikumbuka, na lilinikera. Mama mdogo alimgeukia Lusiani, akamtafsiria maneno yangu kwa Kiingereza, polepole, neno kwa neno, bila kumwondolea macho. Rangi ilimtoka usoni yule mtu. Alijikokota akaegemea kile chuma, mkono ameukumbatia.

"Siumwi," alisema. "Salome, naapa. Nimepimwa mara nyingi. Mtoto yuko salama. Siumwi."

"Basi dawa gani?"

Damu ilikuwa ikidondoka kwenye majani makavu, na Mama mdogo bado alikuwa ameshika kitambaa mkononi, hajampa.

Akasema. Kiingereza chake kilikuwa kibaya na siku hiyo hapakuwa na wa kumsaidia, lakini nilielewa karibu kila kitu. Zilikuwa dawa za kuongeza damu, ili mwili usichoke milimani. Daktari wa timu alizileta kwenye chupa ya chai yenye barafu. Hukulazimishwa, uliulizwa tu kama unataka mkataba wa mwaka ujao. Damu ikawa nzito kama uji, na usiku moyo ulipopunguza mwendo ilikuwa hatari kulala, kwa hiyo waliweka saa ziwaamshe, wakatembea kwenye korido za hoteli, wanaume wazima na pajama, wanapimana mapigo ya shingo. Rafiki yake aliitwa Denis. Asubuhi moja saa ya Denis ililia, na Denis hakuizima.

"Mazishini daktari alimwambia mama yake kwamba ni ugonjwa wa moyo wa kuzaliwa nao," Lusiani alisema. "Kwamba ni wa ukoo. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo."

"Na sasa huyo mama anakupigia simu."

"Ameona kwenye runinga. Anauliza kama ilikuwa ukoo wake au la."

Mama mdogo aliinama, akamfunga mkono kwa kile kitambaa, akakaza mpaka Lusiani akaguna. Tulirudi nyumbani kwa miguu tukikokota baiskeli, yeye mbele, wala hakugeuka nyuma hata mara moja.

Mama alinikalisha juu ya mashine ya kufulia nguo, akanisafisha goti. Alinieleza mambo ya damu kama alivyowaeleza wagonjwa wake, kwa majina yake halisi, na kwa mara ya kwanza nikasikia ugonjwa wa Mjomba Kasiani ukitajwa nyumbani kwetu. Akanishika kidevu. "Ungeniuliza," alisema. Kisha akaweka pamba chini. "Hapana. Mimi ndiye niliyetakiwa kukuambia." Leo mimi ni mtu mzima, na nikifikiria naona sikuwa nimepotea mbali sana. Yule mtu kweli alikuwa amebeba kifo kwenye damu yake, na kweli kilikuwa kimemchukua mwenzake. Nilikosea jina tu.

Siku ya posa Lusiani alikuja amevaa suti, mkono kwenye bandeji, na Maman Béa kando yake kama mshenga, macho yameiva kwa aibu ya kuwa amesema ya watu. Hakuna aliyegusa chai. Baba hakumzungusha.

"Sisi hatukukatai kwa ajili ya sindano," alimwambia, akingoja kila sentensi itafsiriwe. "Mtu akitafuta riziki huingia pabaya. Lakini umemwacha mama wa watu ajilaumu kwamba ndiye aliyemuua mwanawe kwa damu yake. Unamsikia analia kwenye simu, hushiki. Mimi nikikupa huyu, siku akilia yeye utafanyaje?"

Maman Béa alitafsiri hadi mwisho, na sauti ikamkatika. Lusiani akajibu kwamba akienda kusema, atalazimika kumtaja daktari, na nahodha wake pia, ambaye Wafaransa wanampenda kama mtoto wao. Picha ya timu ile ilikuwa imetundikwa ukutani kwa baba yake, juu ya meza ya kulia. Wangemwita msaliti. Mlango wa kwao ungefungwa.

"Naomba niseme mwenyewe, shemeji," Mama mdogo alisema. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mahali ambapo mchumba hatakiwi kusimama siku hiyo. Alizungumza na Lusiani moja kwa moja. "Mtoto huyu alidhani ana kifo mikononi, na bado alinizuia mimi nisiguse. Ana miaka tisa. Wewe unaogopa picha ya ukutani. Nenda. Ukaseme kwa kinywa chako, mbele ya yule mama, si kwenye simu. Ukirudi utanikuta. Usipokwenda, hapa usije tena."

Alikwenda. Wiki za kwanza hapakuwa na habari. Mama mdogo aliendesha baiskeli yake kwenda kazini na kurudi, alinisuka kwa mikono iliyovuta mno, na simu ikilia kwa Maman Béa tulisikia mpaka kwetu kupitia dirishani na wote tukaacha tulichokuwa tukifanya. Siku moja Maman Béa alivuka uani na ndara. "Ule mama amepiga," alisema. "Halii. Amesema tu: amekuja. Halafu amekata." Baada ya hapo, kimya tena. Kwenye habari nahodha alionekana ametabasamu, akisema kuna watu wenye wivu. Majani yakaanza kubadilika rangi. Baba alianza kumwambia Mama, pale alipodhani sisikii, kwamba mtu akirudi kwao si rahisi kurudi tena.

Kisha siku moja Lusiani akapiga simu kutaja ndege.

Tulikwenda uwanja wa ndege wa Dulles wote wanne, na Mama mdogo hakutaka kukaa. Abiria walitoka, wakakumbatiana, wakaisha. Wakatoka wahudumu wa ndege. Mlango ukajifunga. Mama mdogo alishika bega langu, na vidole vyake viliniumiza. Ulipofunguka tena alikuwa yeye, amekonda zaidi, begi moja tu. Walikuwa wamemshikilia kwa maswali ya paspoti.

Alisimama mbele yetu kama asiyejua kama anaruhusiwa kusogea. Huko Ufaransa baba yake hakumfungulia mlango. Hilo alituambia baadaye. Baba yangu ndiye aliyekwenda, akachukua lile begi mkononi mwake, akasema, "Karibu nyumbani, mwanyumba." Ndivyo wanavyoitana wanaume waliooa ndugu. Lusiani hakulijua neno lile, akamtazama Mama mdogo amweleze, na Mama mdogo akashindwa kwa sababu alikuwa ameshaanza kulia.

Tulipokuwa tunaelekea kwenye gari nilimshika mkono wake wa makovu.

"Ulimwambia yule mama?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Kwanza alinipiga kofi. Halafu akanipa supu." Alipunguza hatua zilingane na zangu. "Ana mtoto mwingine, Tumaini. Binti, mkubwa kidogo kuliko wewe. Tangu Denis afe walimkataza kucheza, kupanda ngazi haraka, kila kitu, kwa sababu ya ule moyo wa ukoo. Asubuhi naondoka nilimwona kupitia dirisha la teksi. Alikuwa barabarani, kwenye mvua, na hakuna aliyemwita arudi ndani. Anakimbia."